Je, wajua kwa nini kipakiti cha maziwa unachopewa kwenye ndege hakihitaji friji?

Maziwa yaliyokamuliwa Njoro asubuhi, yakiachwa mezani bila kuchemshwa, kufikia kesho yake yameshaganda. Lakini kile kipakiti kidogo ambacho mhudumu wa ndege hukupa pamoja na chai huweza kukaa miezi bila kuonja baridi, na bado maziwa yake ni mazima. Siri ni nini?

Wengi watajibu kwamba yamechemshwa. Kuchemsha peke yake hakutoshi, hasa kwetu Nakuru. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na huku juu maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94, si 100. Joto hilo huua vijidudu vingi vya maradhi, na ndiyo maana ni vizuri kuendelea kuchemsha maziwa ya kupimiwa. Ila kuna bakteria ambao mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda sugu liitwalo spora, wakangoja joto lipite. Spora za Clostridium botulinum, bakteria wa sumu mbaya kuliko karibu zote zijulikanazo, hustahimili hata nyuzi 100. Viwanda vya vyakula vya mkebe huziua kwa nyuzi 121 kwa dakika 3 hivi, chini ya presha.

Maziwa yakikaa kwenye joto hilo kwa muda hubadilika rangi na ladha. Kwa hiyo hupandishwa hadi nyuzi 135 au 140 kwa sekunde chache tu, kisha hupozwa mara moja. Kadiri joto linavyopanda, spora hufa kwa kasi kubwa kuliko ladha inavyoharibika, na kiwanda hutumia nafasi hiyo.

Sehemu inayonivutia zaidi ni pakiti yenyewe. Ukimimina maziwa safi ndani ya pakiti yenye vijidudu, umefanya kazi bure. Na karatasi na plastiki haziwezi kupitishwa kwenye joto la nyuzi 140. Basi karatasi ya pakiti huoshwa kwa haidrojeni peroksaidi ya moto, yenye nguvu ya takriban asilimia 35, halafu hewa ya moto huikausha. Dawa hiyo hupenda kuvunjika ikawa maji na oksijeni. Kisha maziwa hujazwa ndani ya chumba kilichofungwa, chenye hewa iliyochujwa na presha inayozidi ya nje kidogo: kukiwa na upenyo, hewa hutoka, haiingii. Kampuni ya Tetra Pak ya Uswidi ilionyesha mtambo wa namna hii mwaka 1961. Katikati ya tabaka za pakiti kuna foili ya aluminiamu nyembamba kuliko unywele, inayozuia mwanga na oksijeni.

Chakula cha moto cha kwenye ndege ni habari nyingine. Hicho hakitakaswi hivyo. Hupikwa, hupozwa haraka hadi nyuzi 5 au chini, kisha hupashwa moto angani. Usalama wake ni baridi na mikono safi. Mwaka 1975, watu 197 waliugua kwenye ndege ya Japan Airlines baada ya kula kimanda cha nyama ya nguruwe kilichoguswa na mpishi mwenye vidonda vidoleni. Bakteria walikuwa wameshaacha sumu ndani ya chakula, na sumu ile haivunjwi na kupashwa moto.

Halafu kuna presha ya angani. Hewa ndani ya ndege hulegezwa hadi kufanana na ya mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama ya Nakuru au juu kidogo. Ndiyo maana pakiti ya krispi iliyofungwa Mombasa huvimba ikifika huku, bila kuwa na kasoro yoyote. Lakini pakiti ya maziwa ya muda mrefu hujazwa pomoni, bila hewa ya kutanuka. Ukiikuta imevimba dukani, iwe Nakuru au Kisumu, hiyo ni gesi ya bakteria waliopata mwanya. Irudishe.