Sainasi ya fangasi inayovamia ni nini?

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Makete na Njombe inapokaza hadi umande ukaganda, mafua hayakosekani nyumbani. Yakikaa, mashavu na paji la uso vikaanza kuuma, watu husema "nina sainasi". Mara nyingi ni kweli: nafasi za hewa zilizo ndani ya mifupa ya uso zimevimba na kuziba, na kwa kawaida hupona zenyewe.

Hii ninayoieleza ni adimu, na haisubiri. Huletwa na fangasi, yaani ukungu wa jamii ya ule unaoota kwenye mkate uliolala, majani yanayooza na udongo wa shamba. Chembe zake tunazivuta sote na mwili huzimaliza. Neno la kushika ni "inayovamia". Kinga ikiwa chini, ukungu hauishii puani. Huingia ndani ya mishipa ya damu na kuiziba, na nyama iliyokosa damu hufa ikawa nyeusi. Unaweza kufika jichoni, kisha kwenye ubongo, ndani ya siku chache.

Walio hatarini zaidi ni wenye kisukari kilichopanda mpaka damu ikajaa asidi, wanaotibiwa saratani ya damu, na waliotumia steroidi nyingi, dawa za kutuliza uvimbe zinazoshusha kinga. Mwaka 2021 kule India uliwapata maelfu ya waliougua UVIKO-19, wengi wao wakiwa na sukari.

Kinachodanganya ni ganzi. Shavu linaacha kuuma, mgonjwa anashukuru, kumbe mishipa ya fahamu inakufa. Mwenye sukari akipata ganzi usoni, jicho likavimba, akaona viwiliviwili, au doa jeusi likatokea puani au kwenye kaakaa, apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, hata kama ni kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini usiku. Amoksilini ya duka la dawa haiui fangasi.

Daktari wa pua huchungulia kwa kamera nyembamba, akakata kipande cha nyama kipimwe kwa darubini. Hicho ndicho kinachothibitisha. Picha ya CT huonyesha ulikofika, ingawa mwanzoni yaweza kufanana na sainasi ya kawaida.

Tiba huenda kwa pamoja: sukari ishushwe, amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi, iingie kwa dripu huku figo na madini ya potasiamu kwenye damu vikipimwa kwa kuwa dawa ni kali, na nyama iliyokufa iondolewe kwa upasuaji, pengine zaidi ya mara moja. Ndugu wengi huogopa huo upasuaji wakaomba dawa peke yake. Lakini dawa husafiri na damu, na pale mshipa ulipoziba haifiki.