Je, wajua kwa nini mdukuzi anaitaka kompyuta ya ofisi yako ndogo?

Ukiongea na mwenye biashara ndogo habari za usalama wa kompyuta jibu huwa ni lile lile, mimi wataniibia nini bwana, hela zenyewe ziko kwenye simu. Sawa, ila mara nyingi hela zako hata hawana shida nazo, wanachotaka ni pale unaporuhusiwa kuingia wewe.

Cheki kilichowapata Target, yale maduka makubwa ya Marekani, mwaka 2013. Kampuni moja ya mafundi wa friji na AC ya huko Pennsylvania, Fazio Mechanical, ilikuwa inawafanyia kazi, na kama wakandarasi wengine ilipewa paswedi ya kuingia kwenye mfumo wa Target kutuma ankara na mambo ya mikataba. Basi. Pale Fazio ikaingia imeili yenye virusi, paswedi ikaibwa. Mwandishi Brian Krebs aliyeifuatilia hii stori aliandika kwamba kinga yao kubwa ilikuwa antivairasi (programu ya kuzuia virusi) ya bure, ile ambayo hailindi muda wote, inaskani pale tu ukiiambia iskani, na hata leseni yake ilikuwa ya matumizi ya nyumbani sio ya kampuni.

Sasa mlango wa wakandarasi na mashine za kaunta, zile za kulipia kwa kadi, havikutengwa inavyotakiwa, kwa hiyo jamaa wakajisogeza taratibu mpaka kwenye kaunta zenyewe. Pale mteja akipitisha kadi, namba zake zinakaa kwenye memori ya mashine kidogo tu zikiwa wazi kabla hazijafichwa, na ni hapo hapo kile kirusi kilikuwa kinazidaka. Kuanzia 27 Novemba mpaka 15 Desemba, msimu wa manunuzi ya Krismasi, zikaenda kadi milioni 40 hivi, na taarifa za watu kama milioni 70, majina, simu, imeili.

Kinachoniuma mimi ni kwamba Target walikuwa na mtambo wa bei mbaya wa kugundua virusi na ulipiga kelele tarehe 30 Novemba, watu wakaona, hakuna aliyechukua hatua. Yaani pesa ilikuwepo, programu ilikuwepo, mtu wa kusema "hii tunaishughulikia sasa hivi" ndo hakuwepo.

Turudi huku kwetu. Kaofisi ka uhasibu kenye wateja kumi kana paswedi zao za mambo ya kodi, na ukiwa unasambaza vifaa hotelini basi imeili zako na mhasibu wa hoteli ziko kwenye boksi lako la imeili. Mtu akilidaka hilo boksi hakurupuki, anasoma wiki nzima jinsi mnavyoandikiana, halafu siku ankara kubwa inatoka anaingia katikati akijifanya wewe: "habari boss, akaunti yetu imebadilika, lipia hii mpya." Mhasibu analipa, na wewe unakuja kudai wiki mbili baadaye. Kinga yake hata sio programu, ni mhasibu kukupigia simu kwa namba aliyokuwa nayo zamani, sio ile iliyoandikwa kwenye hiyo imeili.

Wengi wetu tuna yule kijana wa kompyuta tunayemwita mashine ikigoma, anapiga Windows, anaweka antivairasi ya kukraki (iliyovunjwa leseni ili isilipiwe), anaondoka na elfu ishirini yake. Ni fundi mzuri ila hiyo sio kusimamia IT. (Na vitu vya kukraki achana navyo, mara nyingi kirusi kinakuja humo humo, bora hata ile kinga inayokuja na Windows yenyewe, ni bure na inalinda muda wote.) Anayesimamia anakuja hata kama hakuna kilichoharibika: anaangalia apdeti, maana Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025 na bado imejaa maofisini, anachukua bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako, na kujaribu kuirudisha aone kama inafunguka, anawasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye imeili, yaani paswedi peke yake haitoshi kuingia, mpaka uthibitishe kwa njia ya pili kama simu yako. Ukishindwa kumlipa kila mwezi, mlipe siku moja tu akae na wewe muandike nani ana paswedi ya nini, na muanze na yule aliyeacha kazi mwaka jana ambaye imeili ya ofisi bado inaingia kwenye simu yake.