Je, wajua kwa nini bendera ya meli ndiyo huamua itafanya kazi bahari gani?

Mwaka 2020, kilomita 43 hivi kutoka ufukwe wa Virginia Beach nchini Marekani, mitambo miwili ya kufua umeme kwa upepo ilisimamishwa baharini. Virginia ina bandari kubwa, yenye kina na makreni ya kutosha. Hata hivyo nguzo na mapanga ya mitambo hiyo yalipakiwa Halifax, Kanada, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Meli iliyopewa kazi, Vole au vent, ni ya kampuni ya Kibelgiji ya Jan De Nul, nayo hupeperusha bendera ya Luxembourg, nchi ambayo haina hata hatua moja ya pwani. Bendera hiyo ndiyo iliyoipeleka Kanada.

Marekani ina sheria ya mwaka 1920 ijulikanayo kama Jones Act, kwa jina la Seneta Wesley Jones aliyeisimamia. Kwa mujibu wake, mzigo unaotoka sehemu moja ya Marekani kwenda nyingine sharti ubebwe na meli iliyoundwa huko, inayomilikiwa na Wamarekani, yenye mabaharia wa huko na bendera ya huko. Anayekiuka anaweza kunyang'anywa mzigo wote. Na usidhani ukishafika mbali baharini umeponea. Nguzo ikishakitwa kwenye sakafu ya bahari inayosimamiwa na Marekani, kisheria inahesabiwa kuwa sehemu ya Marekani. Kwa hiyo kutoka gati la Virginia hadi kwenye nguzo ni safari ya ndani, marufuku kwa mgeni. Kutoka Halifax hadi nguzo ile ile ni safari ya kimataifa, ruksa.

Uchochoro wa pili ni meli ya kigeni kutobeba kitu kabisa kutoka bandari za Marekani. Meli za kazi hii hushusha miguu ya chuma hadi chini, zikajinyanyua juu ya maji na kusimama kama meza. Ikishasimama hivyo, kreni yake inaweza kunyanyua na kufunga, maana kunyanyua si kusafirisha. Ndivyo ilivyokuwa Block Island, jimbo la Rhode Island, mwaka 2016. Meli ya Brave Tern ilivuka Atlantiki ikiwa na vichwa vya mitambo mitano ilivyopakia Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaenda moja kwa moja kwenye eneo la kazi. Vipande vingine vililetwa pale na vyombo vya Kimarekani. Kwingine hutumika matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mzigo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu: tishari linapanda na kushuka na mawimbi, kreni imetulia tuli, na kati yao unaning'inia mzigo wa mamia ya tani. Upepo ukizidi, kila mtu anasubiri, na meli inaendelea kulipiwa.

Kwa nini wasitumie meli yao? Wakati ule hawakuwa nayo. Kuunda meli Marekani ni ghali mno, na hakuna aliyekuwa tayari kutoa fedha kwa soko ambalo halijachipua. Ya kwanza, Charybdis ya kampuni ya Dominion Energy, ilianza kuundwa Brownsville, Texas, mwaka huo huo wa 2020. Bei ilitajwa kuwa dola milioni 500 hivi, ikapanda hadi kupita milioni 700.

Bendera, basi, ni uraia wa meli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataka kila meli iwe na bendera moja tu, na ikiwa bahari kuu iwe chini ya sheria za nchi ya bendera hiyo: ukaguzi, vyeti, usalama wa mabaharia. Mwenye meli huchagua kwa hesabu. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall zinaongoza kwa sababu usajili ni mwepesi, kodi ni ndogo, na unaajiri mabaharia wa taifa lolote.

Deepwater Horizon, mtambo unaoelea wa kuchimba mafuta uliolipuka Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010 na kuua watu 11, ulikuwa na bendera ya Visiwa vya Marshall. Uliundwa Korea Kusini, ukamilikiwa na kampuni ya Transocean na kukodiwa na kampuni ya mafuta ya BP. Ulikuwa ukitoboa kisima cha Marekani, lakini jukumu kubwa la kuukagua lilikuwa la nchi ya visiwa vidogo katikati ya Pasifiki. Cha kuchekesha, daftari la meli la nchi hiyo huendeshwa na kampuni yenye ofisi Reston, jimbo hilo hilo la Virginia.

Hata sisi tumewahi kuonja adha hii. Mwaka 2012 Tanzania ilijikuta ikiulizwa kuhusu meli za mafuta za Iran, nchi iliyokuwa imewekewa vikwazo, zilizosajiliwa kwa bendera yake kupitia wakala aliyekuwa Dubai, ikalazimika kuzifuta.

Brazil imetumia njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1997, anayetaka kukodi meli ya kigeni ya kuhudumia visima vya mafuta huulizia kwanza kwa wenye meli wa Brazil. Akijitokeza mmoja mwenye chombo kinachofaa, mgeni hapati kibali. Kibali chenyewe kina kikomo, na kikiisha ulizio huanza upya, hivyo meli ya kigeni inaweza kuondolewa kazini ilhali injini zake hazina kasoro yoyote. Ndiyo maana baadhi ya makampuni ya nje hufungua tawi Brazil, yakasimamisha bendera ya awali kwa muda wa mkataba na kupandisha ya Brazil. Meli ni ile ile, na mwenye mali ni yule yule, ila kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, jina la bandari limepakwa upya.