Kitatange akigoma kula

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kitatange yuko tangini siku ya tano, maji yamepimwa na hayana kasoro, mbona hajatia kitu mdomoni? Nami kwanza huuliza tangi lenyewe lina umri gani.

Samaki huyu, ambaye wengine humwita samaki malaika, hana saa ya kula. Kwenye matumbawe hushinda kutwa akidonoa, jiwe hadi jiwe. Wakubwa wa jenasi ya Pomacanthus hupenda sana sifongo. Wadogo wa Centropyge, ambao wengi wao hawafiki sentimita 15, hula zaidi mwani na vijidudu vilivyojificha humo. Sasa mtie katika tangi lililojazwa maji mwezi jana, mawe bado meupe. Adonoe nini? Bakteria wanaosafisha amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, huweza kuwa tayari kwa wiki 4 hadi 6, lakini mawe kuota utando wenye uhai huchukua muda zaidi. Kwangu mimi, chini ya miezi sita kitatange haingii.

Unapokwenda kumchagua, usimtazame ubavuni, maana rangi zake zitakupumbaza. Subiri akugeukie uso kwa uso. Ukiona nyama ya juu ya macho imebonyea na tumbo limenywea, jua ameshaanza kuula mwili wake mwenyewe, na kumrudisha ni kazi ngumu mno. Kisha mwombe muuzaji amlishe ukiwa hapo hapo. Asipokula, mwache, hata ukimwonea huruma.

Wakati wa kumhamisha, tumia chombo badala ya wavu. Kitatange ana mwiba chini ya shavu, kwenye kifuniko cha matamvua (ndiyo alama inayomtofautisha na samaki kipepeo), na mwiba huo hunasa kwenye nyuzi. Kumnasua ndiko kunakomjeruhi.

Mwanzoni akae peke yake katika tangi la karantini, wiki 4 au zaidi, taa hafifu, na vipande vya bomba vya kujificha. Akitokwa na vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, hao ni vimelea vya Cryptocaryon, na dawa ya shaba utaitumia humo humo kwa kipimo sahihi. Usiitie kamwe kwenye tangi kuu: shaba huua kamba, konokono na matumbawe.

Niliwahi kukaa na kitatange mfalme mchanga, Pomacanthus imperator, buluu iliyokolea na miduara meupe ndani kwa ndani. Siku nane alikataa kila nilichompa. Siku ya tisa nilifungua kome mbichi, nikaacha nyama kwenye gamba lake, nikalilaza sakafuni, nikaondoka mbele ya kioo. Nilichungulia kwa mbali. Akalizunguka, akainama upande akilikagua kwa jicho moja, akadonoa, akatema. Akarudi. Kufika jioni gamba lilikuwa limekwanguliwa likang'aa.

Gamba hilo ndilo daraja lako. Akishalizoea, pakaza ndani yake kamba waliosagwa pamoja na chakula cha vitatange chenye sifongo. Siku chache baadaye dondosha kidogo nje ya gamba, na ubane karatasi ya mwani mkavu pembeni ya kioo. Mpe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu tumbo lake halikuumbwa kwa shibe ya mkupuo mmoja.

Huyo mfalme mchanga, kumbuka, hatabaki hivyo. Miduara itafutika, ije mistari ya manjano, na mwili huweza kufika sentimita 40. Mwenye tangi la chini ya lita 800 namshauri achague Centropyge, naye apewe lita zisizopungua 200.

Na akihamia tangi kuu, awe wa mwisho kuingia. Kitatange aliyetangulia hujimilikisha kila pango, na kila mgeni anayefanana naye hufukuzwa hadi mapezi yachanike. Mwingize taa zikiwa zimezimwa, wenzake wakiwa wameshiba, na gamba la kome likimsubiri kati ya mawe.