Rangi ya bahari si kile kinachong'aa juu yake

Picha za setilaiti za pwani yetu hazikosi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zimechorwa duara jekundu penye utepe wa kijivu au wa fedha, na chini yake maneno: "Tazameni rangi ya bahari ilivyobadilika!" Mara nyingi hakuna rangi iliyobadilika. Kinachoonekana ni jua.

Kwa wanaoipima kutoka angani, rangi ya bahari ni mwanga wa jua ulioingia majini, ukafyonzwa na kutawanywa na maji yenyewe, na matope, na klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea midogo inayoelea, kisha ukatoka tena kwenda juu. Basi. Mwanga ambao haukuzama haumo.

Hapo ndipo watu wanapoteleza, na wameteleza na wakubwa pia. Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza aliyeeleza kwa nini mbingu ni buluu, aliamini kuwa ubuluu wa bahari kuu ni mbingu tu iliyoakisiwa. Mwaka 1921 C. V. Raman, mwanafizikia wa India, akiwa safarini kwa meli kati ya India na Ulaya, aliyatazama maji kupitia prizimu inayochuja mwanga ulioakisiwa. Mbingu ikafutika usoni mwa maji. Ubuluu ukabaki, tena umekolea zaidi. Ulikuwa wa maji yenyewe. Zaidi ya miaka mia imepita na la Rayleigh bado nalisikia kutoka kwa watu waliosoma.

Setilaiti hufanya kazi ya ile prizimu kwa taabu kubwa zaidi. Katika mwanga wote unaoifikia, uliotoka majini kwa kawaida haufiki sehemu moja ya kumi. Uliobaki ni wa angahewa, ambayo maelezo yake ni marefu na leo naiacha, na wa uso wa bahari.

Uso huo ni kama vioo vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimeinama upande wake. Mwaka 1954 wataalamu wa bahari Charles Cox na Walter Munk walichapisha hesabu iliyotokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege karibu na Hawaii: upepo ukizidi, miinamo ya viwimbi nayo huzidi. Bahari ikiwa shwari, jua huakisiwa kama doa dogo lenye ukali. Upepo ukivuma, doa hutanuka na kufifia. Ndiyo maana maji yaliyokingwa na kisiwa huonekana tofauti na ya jirani. Katikati ya mng'ao yatang'aa zaidi, pembeni mwake yatakuwa meusi zaidi, na maji ni yale yale. Mafuta nayo hulaza viwimbi (Cox na Munk waliyamwaga makusudi kujaribu), kwa hiyo utepe peke yake haukuambii kama ni mafuta au ni shwari tu.

Kifaa cha angani cha kupima rangi ya bahari, SeaWiFS, kilichorushwa 1997, kiliweza kuinamishwa nyuzi 20 ili kulikwepa jua, na kile cha setilaiti ya PACE ya 2024 hufanya vivyo hivyo. MODIS, kifaa kingine cha setilaiti, haiinami; penye mng'ao mkali ramani yake ya klorofili huachwa wazi. Wazi, si "hakuna uhai".

Halafu kuna povu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hufunika kwa povu takriban asilimia 1 tu ya bahari, lakini upepo ukiongezeka mara mbili, povu huweza kuongezeka mara kumi hivi. Weupe wake kwa kawaida hukadiriwa kutokana na kasi ya upepo, kisha hutolewa kwenye hesabu. Lakini mapovu yaliyosukumwa chini ya uso yamo ndani ya maji, huusogeza mwanga kwenye ukijani, na kwa maana niliyotoa juu ni sehemu halali ya rangi ya bahari. Pwani ya Somalia hili linauma: kusi kali linaloinua maji baridi yenye virutubisho na kustawisha mimea ndilo hilo hilo linalojaza bahari povu.

Basi anayesambaza ile picha simkatazi. Aiite picha ya mng'ao. Hata mng'ao una habari zake za upepo. Akitaka kusema rangi, afungue ramani ya klorofili ya siku hiyo, na akikuta mahali hapo pameachwa wazi, asubiri siku setilaiti itakapopita kwa pembe nyingine.