Urefu wako ukiwa umesimama hauniambii kitu

Nimelisikia tena, na uvumilivu umeniisha: “Mimi nina futi sita na inchi tatu, kwa hiyo Mazda MX-5 si gari langu.” Anayesema hivyo mara nyingi hajawahi hata kuketi ndani ya gari hilo dogo la michezo, la viti viwili na paa la turubai. Amechukua urefu wake, akautazama urefu wa gari, akatoa hukumu. Kazi yangu ni viti: kuvifungua, kuvichonga, kuvishusha, kuvirudisha nyuma. Kwa kazi hiyo, urefu wa mtu akiwa amesimama ni kipimo cha mwisho ninachokihitaji.

Ninachotaka ni hiki. Kaa kwenye stuli ngumu, mgongo ukigusa ukuta, mtu akuwekee kitabu utosini. Pima kutoka kwenye stuli hadi kwenye kitabu. Kisha pima kutoka ukutani hadi mbele ya goti, na kutoka sakafuni hadi juu ya goti ukiwa umevaa viatu unavyoendeshea. Ongeza saizi ya kiatu. Watu wawili wenye sentimita 190 kila mmoja wanaweza kupishana sentimita 6 au 7 wakishaketi. Mmoja kichwa kinagusa turubai na magoti yako huru. Mwingine ana nafasi tele juu ya kichwa lakini paja limebanwa na usukani. Ukiwapa dawa moja, mmoja wao umemharibia kiti bure.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Vipimo vya kitaalamu vya mwili vimeonyesha kwa miaka mingi kwamba Wanailoti, hasa wa Sudan Kusini, wana miguu mirefu kulinganisha na kiwiliwili. Wajapani, ambao ndio waliochora mengi ya magari haya, kwa wastani wako kinyume. Ushauri mwingi ulioandikwa Ulaya na Marekani unahangaika na kichwa. Wengi wanaokuja kwangu wanahangaika na mguu.

Tarakimu za brosha nazo zinapotosha, ingawa si za uongo. MX-5 ya kizazi cha nne, ya kuanzia 2015, imeandikiwa inchi 43.1 za nafasi ya mguu, yaani karibu milimita 1,095. Mtu anasoma, anaona zinazidi za sedani nyingi, ananunua, kisha goti linagonga usukani. Kipimo hicho huanzia kwenye kifundo cha mguu ulio juu ya pedali ya mafuta hadi nukta ya nyonga, kiti kikiwa nyuma kabisa, halafu zinaongezwa milimita 254. Usukani haumo kwenye hesabu. Klachi haimo. Goti halimo. Nafasi ya kichwa nayo hupimwa kutoka nukta hiyohiyo ya nyonga kwenda juu, kwa mstari ulioegemea nyuma nyuzi 8 hadi kwenye paa, kisha zinaongezwa milimita 102. Mgongo wako haukai kwenye nyuzi 8. Kwenye gari la chini unaegemea nyuzi 25 na zaidi. Fremu ya juu ya kioo cha mbele, ambayo mtu wa kiwiliwili kirefu huikuta mbele ya macho yake inamfichia taa za barabarani, haimo kabisa.

Sasa goti. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu kila mtu akibanwa anakimbilia kushusha kiti, na wanaomsaidia wanamshushia bila kuuliza.

Chukua mtu wa sentimita 190 mwenye paja na muundi wa sentimita 47 kila kimoja. Nyonga iko sentimita 85 nyuma ya kifundo cha mguu na sentimita 10 juu yake, mkao wa kawaida kabisa kwa gari la aina hii. Mshushe kiti sentimita 4: goti linashuka sentimita moja na nusu hivi. Sasa acha kimo cha kiti kama kilivyokuwa, umrudishe nyuma sentimita 2 tu: goti linashuka sentimita 2 na ushei. Fanya hesabu ya pembetatu mwenyewe kwa karatasi, itakuja hivyohivyo. Kwa mguu huu, sentimita moja ya kurudi nyuma ina thamani ya karibu sentimita tatu za kushuka. Na kadiri mguu unavyozidi kunyooka, faida ya kila sentimita inaongezeka, mpaka pale unaposhindwa kuikanyaga klachi hadi mwisho. Kushusha kiti ni dawa ya kichwa. Dawa ya goti ni kurudi nyuma.

Pa kupimia goti ni mahali pamoja tu: unyayo ukiwa juu ya klachi ambayo bado hujaikanyaga. Hapo ndipo goti la kushoto linapokuwa juu kuliko wakati wowote. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Halafu hamisha mguu wa kulia kutoka mafuta kwenda breki, usukani ukiwa umekatwa nusu. Goti likigusa usukani hata kidogo, usinunue kabla ya kujua utakavyorekebisha, kwa sababu siku ya kukwepa pikipiki mguu na mkono vitahitaji nafasi hiyo kwa pamoja. Gari la gia otomatiki linakusamehe nusu ya tatizo. Mguu wa kushoto unaunyoosha na kuusahau. Mtu wa miguu mirefu sana anayependa gia za mkono ajue analipia hapo. Viatu pia: soli ya sentimita 3 inakuongezea goti kwa bei ya bure. Na punguza rundo la funguo, kwa sababu kwenye magari yetu ya usukani wa kulia swichi ya ufunguo huwa jirani na goti la kulia.

Tatizo la gari la viti viwili ni kwamba nyuma ya kiti kuna ukuta. Ukisukuma kiti hadi mwisho wa reli, egemeo la mgongo linagonga ukuta na haliwezi kulala. Ukitaka kulilaza, unasogea mbele, na goti linarudi kwenye usukani. Kulaza egemeo kutoka nyuzi 25 hadi 30 kunamshusha mtu huyu kichwa kwa sentimita 3 na nusu hivi, lakini mabega yanakwenda nyuma karibu sentimita 4, mikono inanyooka, naye anaanza kuning’inia kwenye usukani. Ukiweka kifundo cha mkono juu ya usukani na bega likanyanyuka kutoka kwenye kiti, umelala mno.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote natazama sponji ya mgongo. Sponji ya kukalia wote wanaijua. Ya mgongo, hasa sehemu ya chini ya kiuno na makalio, inaweza kukurudisha nyuma sentimita 2 hadi 3 bila kugusa reli wala ukuta. Kwenye MX-5 za vizazi viwili vya kwanza, za 1989 hadi 2005, hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote. Unatoa kiti, unakata vipete vya waya vinavyoshika kitambaa, unavua jalada taratibu bila kuchana mishono, unachora kwa kalamu mahali pa kutoa, unakata kwa kisu kirefu chenye meno. Kata kidogo, rudisha jalada, kaa, vua tena. Sponji iliyokwisha kukatwa hairudi. Acha angalau sentimita 2 na nusu popote penye chuma au waya chini yake. Na mkunjo wa kiuno usiuondoe wote. Ukiuondoa, nyonga inateleza mbele na sentimita zako zote zinapotea.

Kwenye sponji ya kukalia, toa nyuma, pale mifupa ya makalio inapokaa. Ya mbele iache. Ile miinuko ya mbele ya kiti inazuia mwili kuteleza chini ya mkanda wakati wa ajali, na anayeisawazisha kwa ajili ya goti amefanya kosa mara mbili, kwa sababu kimo cha goti kinaamuliwa na kifundo na nyonga, hakiamuliwi na sponji iliyo chini ya paja. Kinyume chake, mwenye miguu mirefu mara nyingi anahitaji mbele papandishwe. Mapaja yake yananing’inia hewani, uzito wote unabaki kwenye makalio, na baada ya saa moja mguu unakufa ganzi. Wosha nene, zile pete bapa za chuma, za sentimita moja hadi moja na nusu chini ya bolti za mbele za reli zinatosha. Tumia bolti ndefu zaidi za daraja lilelile lililogongwa kichwani mwake, zishike nyuzi zote za nati. Bolti ya kuokota dukani kwenye kiti cha gari siikubali.

Kwenye magari mapya, ukiona waya wenye soketi ya njano chini ya kiti, huo ni wa eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Tenganisha betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uuguse. Kama eabegi ya pembeni iko ndani ya egemeo, sichongi upande huo hata kidogo.

Usukani mdogo unasifiwa kuliko unavyostahili. Ukitoka sentimita 37 kwenda 34, umepunguza kipenyo kwa sentimita 3, ila chini, penye paja, umepata moja na nusu tu. Nyingine imekwenda juu, na sasa ukingo unaficha mita ya spidi. Ulio bapa chini unasaidia gari likienda moja kwa moja. Ukishakata kona, ubapa hauko tena chini. Na kama gari lilikuja na eabegi kwenye usukani, kuutoa ni kutoa eabegi. Sifanyi kazi hiyo, ingawa najua kuna mafundi wanaoifanya.

Kwa haraka kuhusu magari yenyewe. MX-5 ya 1989 na ya 1998 usukani haupandi wala haushuki. Ya 2005 unapanda na kushuka. Ya 2015 hivyohivyo, na kuanzia maboresho ya 2018 unavutika pia kuja kwa dereva, jambo lililobadilisha gari lote kwa mtu mrefu, kwa kuwa sasa anaweza kurudi nyuma bila kupoteza mikono. Honda S2000, ya 1999 hadi 2009, usukani wake haurekebishiki kabisa, jaribu kwanza. Toyota 86 na Subaru BRZ za kuanzia 2012 zina usukani wa kupanda, kushuka na kuvutika, na nyuma ya dereva kuna kiti badala ya ukuta, hivyo egemeo linalala. Porsche 911 ina nafasi inayowashangaza watu warefu, kwa sababu hiyohiyo na kwa sababu ya mviringo wa paa. Lotus Elise ina egemeo lisilolala, kizingiti kipana cha kuruka na pedali zilizobanana. Mwenye kiatu cha 46 atakanyaga mbili kwa pamoja. Honda Beat na Suzuki Cappuccino zilichorwa ndani ya sheria ya Japani ya magari madogo, ya urefu usiozidi mita 3.3 toka mbele hadi nyuma. Mwenye paja refu simshauri.

Kichwa kikibaki tatizo baada ya hayo yote, hata wakubwa walikosa njia nyepesi. Gari la mbio la Ford GT40 lilipata jina lake kwa kimo cha inchi 40. Dan Gurney, dereva wa mbio aliyezidi sentimita 190, hakuenea na helmeti yake, basi paa la toleo la Mk IV likafanyiwa kinundu juu ya kichwa chake. Mwaka 1967 yeye na dereva mwenzake A. J. Foyt wakashinda mbio za Le Mans wakiwa na kinundu hicho. Wewe paa lako hulikati, kwa hiyo pima ukiwa umefunga turubai: vidole vitatu vilivyolala kati ya utosi na pao la karibu, kwa barabara zenye matuta kama zetu, ndicho kiwango changu cha chini. Gari lenye paa wazi lina kipimo cha pili. Nyoosha fimbo kutoka juu ya nondo ya kinga ya nyuma hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Kwenye viwanja vya mbio hutakiwa helmeti iwe sentimita 5 chini ya fimbo. Kichwa kikipita fimbo, gari likipinduka hakuna kitu cha kukulinda.

Vitabu vya mikao ya dereva vinatoa pembe za goti na nyonga kama vile zinamaliza mjadala. Kwangu hazijawahi kumaliza. Kuna mtu anayepita kila kipimo na bado mgongo unamuuma baada ya saa mbili, na kuna aliyekunjika vibaya anayevuka nchi akiimba. Kukaa nusu saa kunatosha kugundua kinachogonga. Hakutoshi kutabiri kitakachouma, nami sitoi dhamana hiyo kwa yeyote.

Anayeagiza kutoka Japani akiwa Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka 8, kwa MX-5 anaangukia hasa kizazi cha nne. Usiridhike na mwaka ulioandikwa. Mwambie muuzaji akutumie picha ya nguzo ya usukani ikiwa imevutwa nje kabisa, kwa kuwa si magari yote ya kizazi hicho yana usukani wa kuvutika. Uliza kama ni ya turubai au RF yenye paa gumu, kwa kuwa RF inapungukiwa kidogo nafasi ya kichwa. Kisha tafuta mwenye gari kama hilo hapa, umwombe ukae ndani dakika 30, viatu vyako miguuni, paa likiwa limefungwa.